Kabla ya mabomba, kuna kiti

Alhamisi moja baada ya mazoezi ya kwaya tulijibanza kwenye baraza ya kanisa tukingoja mvua ipungue. Dada mmoja wa sauti ya pili akatoa simu, akatuonyesha video ya Notre-Dame ya Paris siku ilipofunguliwa tena, tarehe 7 Desemba 2024, miaka mitano na ushei baada ya moto. Askofu Mkuu Laurent Ulrich amesimama, anakiambia kinanda cha mabomba kiamke. Anakiita mara nane, nacho kinaitika mara nane, kila mara kwa sauti nyingine: mara kinanong'ona, mara kinanguruma. Simu yenyewe ndogo, mvua nayo inapiga bati, kwa hiyo tulichokisikia sisi kilikuwa kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Hata hivyo watu walinyamaza. Video ilipokwisha mhazini wetu, ambaye hana jambo lisilogeuka mchango, akasema, "Jamani, waamini wa jimbo zima wakichanga, kitu hiki hata kwenye kanisa kuu letu la Bugando, hapa Mwanza, kinakaa."

Watu walicheka. Yeye hakucheka, na wiki iliyofuata alilirudia.

Mimi ni mwimbaji wa besi, tena besi ya kawaida, si ile inayotetemesha madirisha. Sauti ya kinanda cha mabomba naipenda kiasi kwamba nimewahi kukesha nikiisikiliza kwenye spika za masikioni hadi jogoo wakawika. Lakini nikiulizwa leo kama jimbo letu lichangie kununua kimoja, nitasema hapana. Na sababu yangu si ile inayotajwa haraka kila mara, kwamba ni chombo cha Wazungu. Sababu hiyo haina miguu.

Kinanda cha mabomba kilizaliwa Afrika. Ni Aleksandria, Misri, karne ya tatu kabla ya Kristo. Aliyekibuni ni Ktesibios, fundi Myunani ambaye, kwa simulizi ya Vitruvius, mwandishi Mrumi, alikuwa mtoto wa kinyozi. Alisukuma hewa ndani ya chombo kilichozamishwa majini. Uzito wa maji ukawa unaibana hewa ile kwa nguvu isiyobadilika, nayo ikapanda kwenye mabomba kila mpigaji alipobonyeza. Warumi wakakipeleka kwenye viwanja vya michezo na mapigano, na ndiyo maana Wakristo wa mwanzo hawakuwa na hamu nacho. Magharibi kilikuja kupotea, kikarudi kwa njia ya kuzunguka: mwaka 757 Kaisari Konstantino V wa Konstantinopoli alimpelekea Pipino, mfalme wa Wafaranki, kinanda kama zawadi ya kifalme, na ilichukua muda mrefu sana kitoke ikulu kiingie kanisani. Kichekesho ni kwamba kule kilikozaliwa, Kanisa halikukipokea. Wakopti wa Misri mpaka leo wanaimba kwa koo zao, matoazi na pembetatu ya chuma. Basi anayesema chombo hiki ni cha Wazungu, na yule anayesema ndicho sauti ya Kanisa tangu mitume, wote wawili wamepotea njia moja.

Kama hujawahi kukiona kwa ndani, usiwaze mashine ya ajabu. Waza filimbi. Bomba moja hutoa sauti moja tu, basi. Ukitaka sauti ya pili utengeneze bomba la pili. Lililo fupi kama kalamu hutoa mlio mwembamba unaokaribia kuuma sikio. Refu la futi 32, karibu mita kumi, hutetema mara 16 hivi kwa sekunde, na hapo sikio linasalimu amri, kifua ndicho kinachosikia. Watu wa Mwanza sauti ya namna hiyo tunaijua. Ni honi ya meli ya Bukoba ikiaga bandarini: kabla hujaisikia umeshaihisi mbavuni. Mabomba mengine ni filimbi halisi, hewa inapasukia kwenye mdomo wa bomba. Mengine ni ndugu wa zumari, yana ulimi mwembamba ndani unaotetemeka. Huundwa kwa mbao, au kwa mchanganyiko wa bati na risasi (bati yenyewe, si haya mabati yetu ya paa). Yakipangwa kwa safu, kila safu na tabia yake, mpigaji huchagua safu za kuamsha kwa kuvuta vitasa vilivyo pembeni mwake. Ndipo idadi inapoanza kutisha. Notre-Dame ina mabomba karibu 8,000. Kanisa kuu la Mtakatifu Stefano huko Passau, Ujerumani, lina 17,974.

Yote hayo hupumua kutoka kwenye mivukuto, kama moto wa mhunzi. Siku hizi feni ya umeme ndiyo inayoijaza. Zamani walikuwapo watu wa kuikanyaga, wamejificha nyuma ya chombo, na muziki wote wa fahari unaousikia ukihusishwa na makanisa yale ulitoka kwenye mapaja yao. Mpigaji hakuweza hata kufanya mazoezi peke yake. Alihitaji mtu wa kumpa pumzi. Hilo nitalirudia.

Sisi kwetu neno kinanda ni kapu. Wazee wa pwani waliita hivyo chombo cha nyuzi. Santuri ilipofika, nayo ikawa kinanda. Kile kisanduku cha kukanyaga cha wamisionari, kinanda. Na leo ni ule ubao wa plastiki wa oktava tano wenye sauti mia kadhaa ndani yake, mojawapo imeandikwa ogani. Ukiibonyeza unapata kitu kinachofanana na Passau kama picha ya sangara ukutani kwa mama ntilie inavyofanana na sangara. Picha inaweza kuwa nzuri sana. Hailiwi.

Siudharau ubao huo. Umebeba ibada za Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi, kutoka parokia za mjini hadi vigango vya visiwani ambako hupelekwa kwa mtumbwi umefungwa kwenye turubai. Lakini umetufundisha tabia moja mbaya, nayo ina jina: kitufe cha transpozi. Vijana wengi wanaopiga Misa wamejifunza vidole vya ufunguo mmoja, C. Wimbo ukiandikwa doh, yaani noti yake ya msingi, ni E-flati, hawahamishi vidole; wanabonyeza kitufe, mashine inawapandishia. Kwenye Misa moja ya ndoa, parokia siitaji, mpigaji alisahau kukirudisha. Aleluya ikaanza juu kuliko dari. Sauti ya kwanza walipanda wakapanda, wakapungua mmoja mmoja, mpaka akabaki mama mmoja aliyekuwa anaimba huku amefumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Bwana harusi alidhani ndiyo shangwe yenyewe.

Tukirudi kwenye hoja ya mhazini. Alipoona nasita alinitolea Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, na hapo nilimheshimu, kwa sababu wengi hutaja Mtaguso bila kuufungua. Hati ya liturujia, Sacrosanctum Concilium, ilipitishwa tarehe 4 Desemba 1963 kwa kura 2,147 dhidi ya 4. Miongoni mwa mababa wa Mtaguso huo alikuwamo mtu wa ziwa letu, Laurean Rugambwa wa Bukoba, aliyekuwa ameteuliwa kardinali na Papa Yohane XXIII mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi. Kipengele cha 120 cha hati hiyo kinataka kinanda cha mabomba kiheshimiwe sana katika Kanisa la Kilatini, kwa kuwa sauti yake huongeza fahari ya ibada na kuinua akili za watu kwa Mungu. Wenye kukipenda husoma hapo wakafunga kitabu. Wasiokipenda huanzia sentensi inayofuata, inayoruhusu vyombo vingine kwa ridhaa ya mamlaka ya mahali mradi vifae kwa matumizi matakatifu. Au wanarudi kipengele cha 119, kinachokumbusha kwamba watu wa nchi za misioni wana muziki wao na ustahili kuheshimiwa. Miaka 60 nyuma, tarehe 22 Novemba 1903, Papa Pius X alikuwa amepiga marufuku piano kanisani pamoja na vyombo vya kelele, ngoma zikiwemo. Kwa hiyo kila upande una karatasi yake mfukoni.

Ukitaka kuona ubishi huo ulivyoweza kumalizwa bila karatasi, panda daladala la Kisesa, kilomita ishirini hivi kutoka mjini, uende Bujora. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alianza pale miaka ya 1950, kabla Mtaguso haujaota. Akakusanya ngoma na ishara za watemi wa Usukuma, kanisa likapewa sura na alama za Kisukuma, na sikukuu ya Ekaristi ikafungamana na Bulabo, sikukuu ya ngoma za Kisukuma, ambapo Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, wanashindana kucheza mpaka vumbi linafunika jua. Nimesimama pale ngoma kubwa zikipigwa. Kitu kinachoingia kifuani ni kilekile cha bomba la futi 32. Mwili haujui tofauti. Ndiyo maana ubishi wa ngoma au kinanda umenichosha. Mara nyingi wanaoubishania ni watu ambao hawatapiga hata kimoja.

Kuna jambo jingine ambalo mhazini hakulifikiria, nalo ni jengo. Nusu ya kinanda cha mabomba ni ukuta. Notre-Dame ni jiwe tupu na dari ya jiwe. Mpigaji akiinua mikono, sauti inabaki hewani zaidi ya sekunde tano, inazunguka nguzo, inashuka taratibu. Chombo kinapangwa kwa ajili ya chumba chake, fundi anasimama katikati ya kanisa kusikiliza kila bomba, analikata na kulirekebisha mdomo mpaka likubaliane na mahali. Ukikihamisha ni kama kumhamisha samaki.

Makanisa yetu yamejengwa kwa ajili ya upepo. Madirisha mapana, matofali ya matundu, milango mitatu iliyo wazi, mapaa ya bati ambayo mvua ya masika ikishuka padre anakaa chini na kungoja. Ni uamuzi wa busara. Ziwa linapumua, nasi tunataka pumzi hiyo mchana wa Februari. Ila sauti nayo inatoka kwa milango hiyohiyo, inakutana na honi za bodaboda nje. Miaka ya karibuni tumeongeza marumaru sakafuni na kuta za saruji laini, na sasa tuna ubaya wa pande zote mbili: mlio unaogongana ndani bila uzuri wa kubaki. Mahubiri yanakuwa uji. Nasi tunatibu kwa kununua spika kubwa zaidi, kama mtu anayetibu mchuzi wenye chumvi kwa kuongeza chumvi. Nimehudhuria kikao cha parokia ambapo fedha za spika zilipita kwa dakika kumi. Hakuna aliyeuliza mapazia mazito ukuta wa nyuma yangegharimu kiasi gani.

Na kabla mtu hajaona aibu kwamba hatuna mabomba, akumbuke kapela ya Papa mwenyewe. Katika Sistina waimbaji waliimba kwa karne nyingi bila chombo chochote, mpaka Waitaliano wakaita uimbaji wa namna hiyo a cappella, kwa mtindo wa kapela. Kinanda cha mabomba kilichomo sasa kiliwekwa mwaka 2002. Hivyo kwaya ya kigango cha Ukerewe inayoimba kwa koo tupu kwa sababu betri imekwisha iko katika kundi lenye heshima.

Sasa nifike kwenye kiti.

Katika kanisa la Saint-Sulpice, Paris, kuna kinanda kilichokamilishwa na Aristide Cavaillé-Coll mwaka 1862, chenye safu mia moja za sauti. Mwaka 1870 kijana wa miaka 25, Charles-Marie Widor, aliwekwa pale kwa muda tu, wakati wakitafuta mtu. Aliondoka mwisho wa mwaka 1933. Katika kanisa la La Trinité, jiji hilohilo, Olivier Messiaen alikalia kiti mwaka 1931 akiwa na miaka 22, na kifo ndicho kilichomtoa mwaka 1992. Watu wawili, viti viwili, karibu miaka 125. Anton Bruckner wa Austria alikuwa mtoto wa mwalimu wa shule ya kijijini na yeye mwenyewe akafundisha shule, kama walimu wetu wa kwaya wa zamani walivyokuwa wakishika chaki asubuhi na nota jioni. Kutoka hapo akafika kupiga kinanda cha kanisa kuu la Linz. Alipofariki mwaka 1896 alizikwa alikotaka, katika monasteri ya St. Florian, chini ya kinanda alichokipiga ujanani.

Haya si mambo ya vipaji tu. Kiti kilikuwa kazi. Kilikuwa na mshahara, na ufunguo wa kanisa, na saa za mazoezi ambazo hakuna aliyeuliza "kijana huyu anafanya nini kanisani Jumanne." Kilikuwa na fundi wa kurudi kila mwaka kuweka sauti sawa, na hapo zamani kilikuwa na wale watu wa mivukuto, wakilipwa nao. Angalia moto wa Notre-Dame wa tarehe 15 Aprili 2019. Kinanda hakikuungua. Kilifunikwa na vumbi la risasi lililotoka kwenye paa, na ilibidi kifunguliwe kipande kwa kipande, kipelekwe kwenye karakana, kisafishwe, kirudishwe, halafu kiwekwe sauti bomba baada ya bomba kwa miezi, mara nyingi usiku kelele za ujenzi zikiwa zimelala. Video ile tuliyoitazama barazani ilionyesha dakika chache za askofu na kinanda. Nyuma yake kulikuwa na watu ambao wamefanya kazi hiyo moja maisha yao yote na baba zao kabla yao. Chombo kile kimedumu kwa sababu kila kizazi kilikuwa na mtu aliyelipwa kukijua.

Kwetu mpiga kinanda analipwa nini? Nauli na soda. Nasema hivi kwa upendo, kwa sababu na mimi nimekuwa kwenye kamati iliyoamua hiyo soda. Kijana anayetupigia anaendesha bodaboda. Anapiga mazoezi mara mbili kwa wiki, Misa mbili kila Dominika, misiba ya katikati ya wiki, na kama kuna mshahara basi ni ndoa, ambako bwana harusi humpa anachoona kinafaa baada ya kumlipa mpiga picha. Hana ufunguo wa kanisa. Ubao uko kwenye kabati la sakristia na kufuli, na mwenye kufuli huenda shambani. Hajawahi kufundishwa kusoma nota na mtu yeyote. Alisikiliza, akaiga, akabahatisha, akawa hodari kuliko tulivyostahili. Kabla yake tulikuwa na mwingine, hodari pia. Alipata kibarua Geita, akaenda, na kwa miezi minne tukawa na ubao wenye vumbi na kwaya inayotafuta doh kwa mluzi wa mwalimu.

Katika miezi hiyo minne hatukukosa fedha. Tulishona sare mpya za kitenge, za pili kwa mwaka ule. Tulirekodi video, tukapelekwa kwenye mawe ya ufukweni kunyoosha mikono kuelekea ziwani kama kila kwaya ya jiji hili. Uzinduzi ulikuwa na mgeni rasmi, pilau na bahasha. Sina ugomvi na kitenge wala na mawe. Napendeza kwenye video hiyo, nimeambiwa. Nauliza tu kwa nini hesabu yetu ina fungu la kushona na haina fungu la vidole.

Ndiyo maana najua nini kingetokea kinanda cha mabomba kikiletwa Bugando mwaka ujao. Kikubwa cha kulingana na kanisa kuu ni zaidi ya euro milioni moja, tuseme zimepatikana. Watakuja mafundi, kitawekwa, patakuwa na siku kuu isiyosahaulika. Halafu mafundi watapanda ndege. Watu husema hali ya hewa ndiyo itakayokiua, nami nadhani tunaionea. Joto la Mwanza halipandi na kushuka sana mwaka mzima, na bomba linapenda hivyo, maana sauti yake hupanda na joto. Ulaya wanahangaika na hita za majira ya baridi zinazokausha mbao mpaka zinapasuka. Sisi hita hatuna. Adui zetu ni wengine: mchwa, popo, vumbi, umeme wa kukatika, na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi na kuingia kila tundu. Bomba ni tundu. Lakini hao wote wanashindwa na mtu mmoja aliyepo kila siku mwenye brashi na sikio. Asipokuwapo mtu huyo, baada ya miaka kumi tutakuwa na kabati zuri kuliko yote Kanda ya Ziwa.

Mfano wa kunipinga upo, na ni haki niutoe. Las Piñas, karibu na Manila, Ufilipino, ni mahali pa joto, unyevu na wadudu kuliko hapa. Padre Mhispania, Diego Cera, alianza kujenga kinanda pale mwaka 1816, na kwa kuwa bati ilikuwa mbali na mianzi ilikuwa karibu, akatumia mianzi. Aliifukia kwanza kwenye mchanga wa ufukweni kwa miezi mingi ili wadudu wasiitake. Kati ya mabomba 1,031 ya chombo kile, 902 ni mianzi. Kilimalizika 1824, matetemeko na tufani vikakiharibu, kikakaa bubu kwa vipindi virefu. Mwaka 1973 kikapelekwa Bonn, Ujerumani, kwenye karakana ya Klais, kikarudi 1975 kinaimba. Kinaimba mpaka leo. Mhazini angenisomea habari hii na kusema, "Unaona?"

Naona. Naona kwamba Cera alikuwa mpigaji na fundi kwa pamoja, aliyekaa pale miaka mingi na hakuagiza kitu kwenye katalogi. Naona pia kilichofuata baada ya 1975: vijana wa Ufilipino walikwenda Ulaya kujifunza ufundi huo, wakarudi, wakafungua karakana yao hapohapo Las Piñas. Kinanda kilipata watoto. Mchanga tunao, wa kutosha kufukia msitu mzima. Maseremala wanaoweza kuunda mtumbwi usiovuja tunao. Tunachokosa ni kile ambacho hakifukiwi mchangani wala hakishonwi kitenge.

Basi kikao kilichopita, ajenda ikiwa mchango wa "chombo kipya", nilisimama nikatoa pendekezo dogo. Kila parokia ya mjini impe mpigaji wake posho ya mwezi inayojulikana, iandikwe kwenye bajeti ileile yenye mishumaa na divai. Apewe ufunguo. Apelekwe kwa mtu wa kumfundisha nota na funguo zote kumi na mbili, nauli juu ya parokia. Baada ya miaka mitano, kama yupo bado kwenye kiti, tuzungumze mabomba, hata madogo, ya safu nne, yaliyotengenezwa kwa mninga. Mzee mmoja alisema tukianza kumlipa mpiga kinanda, kesho waimbaji watataka kulipwa. Mama wa sauti ya kwanza, yuleyule wa Aleluya, akamwambia, "Mzee, mimi sitaki hela. Nataka doh."

Hoja haikupita. Iliahirishwa, ambayo kwenye vikao vyetu ni hatua. Mhazini aliniandika kwa elfu hamsini, mbele yake akaweka alama ya kuuliza. Ufunguo lakini umetoka. Katekista alikubali bila kikao, na Jumanne usiku nikipita na begi langu la mboga nilisikia kinanda kanisani. Nikachungulia. Taa moja tu imewashwa, pikipiki imeegeshwa ndani karibu na mlango, na kijana wetu anapanda skeli ya E-flati polepole, anakosea kidole kilekile, anarudi, anakosea, anarudi. Kile kitufe cha transpozi alikuwa amekibandika plasta ya kidonda.